Jinsi ya Kumjengea Usuli Tajiri wa Kamari wa Harlem: Mwongozo kwa Waandishi wa Michezo ya Kuigiza Mombasa

Anayeandika mchezo kuhusu ujambazi wa zamani wa Marekani, na akamweka humo tajiri mweusi wa magendo na kamari, hukutana mapema na swali moja: mtu huyu alikuwa nani kabla ya pazia kufunguliwa? Jibu linalokuja upesi ni la kitanzi. Baba aliuawa na kundi la Wazungu, mtoto akashuhudia, akakua na kisasi kifuani, hatimaye akawa jambazi. Miswada mingi ya vikundi vyetu vya Mombasa, iwe ya jukwaani au ya redio, huanzia hapo na kuishia hapo, na mhusika anayetoka humo huwa na uchungu mwingi ila hajui kazi yoyote. Mauaji ya namna hiyo yalitokea kwa maelfu na hakuna anayepaswa kuyafunika. Hata hivyo, uchungu peke yake haumfundishi mtu kuendesha biashara yenye wapokezi wa dau, watunza hesabu, mawakili na polisi wa kulipwa kila wiki.

Pendekezo la mwongozo huu ni kwamba usuli wa mhusika kama huyu uandikwe kama daftari la madeni. Katika kila ukurasa wa maisha yake, andika ni mlango gani uliofungwa mbele yake, nani aliyemkopesha alipokwama, na nani aliyebaki akimdai. Mtu aliyeandikwa hivyo huja jukwaani akiwa na sababu ya kila senti anayoitoa na kila senti anayoizuia. Ili maelezo yasielee hewani, nitamtumia mhusika mmoja wa kubuni, Amos Gaddy, mwenye benki ya kamari ya namba mtaani Harlem, jijini New York, yaani mtu anayepokea madau ya watu juu ya namba ya tarakimu tatu na kuwalipa wanaoshinda. Mambo yanayomzunguka ni ya kihistoria, lakini yeye mwenyewe na jamaa zake ni wa kubuni.

Anza na usiku wa kwanza wa mchezo

Usianze na kuzaliwa. Anza na usiku ambao hadhira itamwona mhusika kwa mara ya kwanza, uandike tarehe yake juu ya karatasi, kisha urudi nyuma ukihesabu miaka. Usiku wa Amos ni wa mwisho wa Novemba 1931, na nimeuchagua kwa sababu mwezi huo benki kadhaa za kamari za Harlem zilipata pigo kubwa baada ya namba iliyochezwa na watu wengi kutoka, wenye benki wakashindwa kulipa, na baadhi yao wakaenda kukopa kwa Dutch Schultz, jambazi wa Kizungu aliyekuwa ametajirika kwa bia ya magendo huko Bronx. Aliyekopa kwake aligundua baada ya muda mfupi kwamba benki haikuwa yake tena. Usiku wa aina hiyo una uamuzi mmoja mzito, nao ni kulipa au kutolipa, na kama ni kulipa, kwa fedha za nani. Maisha yote ya nyuma ya Amos yanatakiwa kuelekea kwenye uamuzi huo, na tukio lolote lisiloelekea huko, hata liwe la kusisimua namna gani, liondolewe.

Tarehe ikishaandikwa, hesabu ya umri inakuwa nyepesi. Amos nimemzaa Machi 1889, kwa hiyo usiku ule ana miaka 42, umri wa mtu aliyechelewa kuanza maisha mapya na ambaye bado hajazeeka kiasi cha kukata tamaa.

Mahali pa kuzaliwa panachagua mji wa kuhamia

Hapa ndipo waandishi wengi huteleza bila kujua. Weusi waliohama kutoka kusini mwa Marekani, ambao kuanzia miaka ya 1910 hadi 1970 walifika takriban milioni sita, hawakutawanyika ovyo. Walifuata reli na meli. Watu wa Mississippi kwa kawaida walipanda treni za kwenda Chicago, watu wa Texas na Louisiana wengi walielekea California hasa katika miaka ya baadaye, na watu wa Virginia na Carolina zote mbili walipanda kwenda Washington, Philadelphia na New York. Ukimtoa mhusika Mississippi ukamfikisha Harlem, unaweza, ila utalazimika kueleza kilichompeleka huko, na maelezo hayo yatakula muda wa mchezo.

Amos amezaliwa Wilmington, North Carolina, na sababu yangu ni ya kimombasa: Wilmington ni mji wa bandari. Mwigizaji ambaye babu yake alikuwa kibarua Kilindini hahitaji kuelezwa maana ya kusimama langoni alfajiri ukingoja kuchaguliwa, wala harufu ya gati wakati wa joto. Zaidi ya hayo, mji huo una tarehe. Mwishoni mwa karne ya 19 Weusi walikuwa wengi kuliko Wazungu pale Wilmington, walikuwa na mafundi, vinyozi, wazimamoto na gazeti lao lililoitwa Daily Record, na serikali ya mji ilikuwa ya muungano ambamo Weusi walikuwa na viti. Tarehe 10 Novemba 1898 kundi la Wazungu wenye silaha, likiongozwa na Alfred Moore Waddell, lilichoma ofisi ya gazeti hilo, likawaua Weusi mitaani, likawalazimisha meya na madiwani kujiuzulu, na Waddell akachukua umeya siku hiyo hiyo. Familia nyingi zilikimbilia kwenye mabwawa na vichaka nje ya mji, zikalala huko katika baridi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1900, jimbo lilibadilisha katiba yake na kuweka mtihani wa kusoma pamoja na masharti mengine ambayo yaliwaondoa Weusi karibu wote katika orodha ya wapiga kura.

Mtoto wa miaka tisa aliyelala bwawani ni picha yenye nguvu, na mwandishi atavutiwa kuishia hapo. Nakushauri uipe sentensi mbili tu, uende kwenye daftari. Katika usuli wa Amos, nyumba yao haikuchomwa wala baba hakuuawa. Baba alirudi kazini baada ya siku chache, akafungua karakana, na wateja hawakuja. Wazungu waliokuwa na maagizo waliyahamishia kwa fundi wa Kizungu, na wale waliokuwa wanadaiwa waliacha kulipa kwa kuwa hapakuwa tena na diwani wala hakimu wa kumsikiliza mdai mweusi. Baba alikuwa na madeni halali ya kudai ambayo hakuna mahakama ingemsaidia kuyapata, huku naye akidaiwa mbao na mwenye kiwanda ambaye mahakama ilimsikiliza vizuri. Alilipa kila alichodaiwa hadi senti ya mwisho, na kulipa huko ndiko kulikoiua karakana. Sasa usiku wa Novemba 1931 una mizizi. Amos atakaposimama mbele ya watu wanaomdai, atakuwa anamwona baba yake aliyelipa kwa uaminifu akabaki mikono mitupu.

Mpe ujuzi wa mikono

Tajiri wa magendo ambaye hajawahi kuwa na kazi haaminiki. Tafuta kazi iliyokuwepo kweli katika mji aliozaliwa, uione kama inaweza kumfuata kwenye uhalifu. Wilmington ilikuwa bandari kubwa ya lami, tapentaini na ulimbo wa misonobari, na bidhaa hizo zilisafirishwa ndani ya mapipa, kwa hiyo baba wa Amos ni fundi mapipa. Fundi huyo hupanga mbao zilizochongwa zikapinda, akazibana kwa pete za chuma, akizunguka pipa kwa nyundo na kugonga pete kidogo kidogo pande zote ili isikae upande, kisha akalijaza maji ya moto kuona kama linavuja. Pipa zuri halitumii gundi wala msumari wa kuunganishia mbao. Mbao hubanana zenyewe zinapovimba kwa unyevu.

Uzuri wa kazi hii utaonekana Januari 17, 1920, siku ambayo marufuku ya pombe ilianza kutekelezwa Marekani nzima, marufuku iliyodumu mpaka Desemba 5, 1933. Ghafla kuna watu wengi wenye kitu cha kioevu cha kuficha na kusafirisha, na wachache wanaojua kwa kugonga tu kama pipa limejaa, limechanganywa na maji au linavuja. Amos anaingia katika biashara haramu kupitia mlango wa fundi, akiitwa na watu wasiomjua kwa jina ila kwa ujuzi wake. Mwigizaji wetu hana mapipa ya kujifunzia, lakini anaweza kwenda kwa mafundi wa majahazi akawatazame wakipiga kalafati, wakishindilia pamba katika nyufa za mbao huku wakisikiliza mlio wa nyundo. Aangalie mikono, si chombo. Mtu aliyekua karakanani hugusa mbao kabla ya kuikalia, na tabia hiyo moja ikionekana jukwaani inafanya kazi ya kurasa tatu za mazungumzo.

Safari, na kwa nini iwe ya mapema

Wimbi kubwa la kwanza la uhamaji lilianza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wahamiaji wa Ulaya walipopungua na viwanda vya kaskazini vikahitaji mikono. Ukifuata mkondo huo, utamleta Amos New York mwaka 1917 pamoja na maelfu wengine, naye atakuwa mmoja tu kati yao. Nimemleta mwaka 1908, akiwa na miaka 19, kwa treni hadi Norfolk, Virginia, kisha kwa meli ya kampuni ya Old Dominion hadi New York. Anafika kabla Harlem haijawa ya Weusi kwa ukamilifu, wakati wengi wao bado wanabanana katika mitaa ya upande wa magharibi wa Manhattan na ndiyo kwanza wanaanza kupata nyumba za kupanga huko juu.

Stesheni kuu ya Pennsylvania ilipofunguliwa 1910, mahamali wake wa kofia nyekundu walikuwa Weusi, walioishi kwa bakshishi zaidi kuliko mshahara. Amos ni mmoja wao. Kwa hiyo wimbi la 1917 linapofika, yeye ndiye uso wa kwanza mweusi ambao mgeni kutoka Carolina anaukuta kwenye jukwaa la treni. Anajua nyumba ipi ina chumba, mkahawa upi unatafuta mtu wa kuosha vyombo, na mwenye nyumba gani anapandisha kodi akisikia lafudhi ya kusini. Anawakopesha dola mbili, dola tatu. Wengi wao Amos hawatozi riba, na hapa usimfanye mtakatifu: anajua kwamba mtu aliyesaidiwa siku yake ya kwanza mjini hasahau, na miaka kumi baadaye watu haohao ndio wapokezi wake wa dau, walinzi wake na mashahidi wake wasioona kitu polisi wanapouliza. Nguvu ya tajiri wa namna hii ilitoka kwa watu kabla ya kutoka kwa bastola, na mwandishi asiyeonyesha watu hao hulazimika kumpa bastola nyingi.

Nimemnyima vita kwa makusudi. Kikosi cha 369, cha askari Weusi kutoka Harlem, kilipigana Ufaransa chini ya amri ya Wafaransa, na gwaride lake la kurudi, Februari 1919, ni tukio ambalo kila mwandishi angependa mhusika wake awemo. Amwache akiwa pembeni ya barabara, akitazama. Wahusika askari wa vita hivyo wamekuwa wengi mno.

Jifunze hesabu ya namba kabla ya kuandika neno

Mchezo wa namba ndio moyo wa usuli huu, na kuuelewa nusu nusu ni hatari zaidi kuliko kukosea tarehe. Biashara kubwa ya pombe ya magendo ilishikwa na magenge ya Wazungu. Hata Cotton Club, ukumbi maarufu wa Harlem ambako wasanii walikuwa Weusi na wateja wakawa Wazungu, ulikuwa mali ya Owney Madden kuanzia 1923. Namba ndizo zilizokuwa za Weusi wenyewe katika miaka ya 1920. Kwa sababu hiyo Amos huchuma kidogo katika mapipa ya watu, akaipeleka faida katika benki yake ya namba.

Mchezaji alichagua namba yoyote kati ya 000 na 999, akaweka dau, hata la senti moja. Namba iliyoshinda haikuchorwa na mwenye benki, na hiyo ndiyo sababu watu waliiamini: ilitokana na takwimu za New York Clearing House, mahali ambapo mabenki ya jiji yalisawazisha hundi zao kila siku, na ambazo magazeti yalizichapisha. Tarakimu mbili za mwisho za mamilioni zilichukuliwa kutoka jumla ya hundi na moja ya mwisho kutoka salio. Jumla ikiwa dola milioni 589 na salio dola milioni 116, namba ya siku ni 896. Aliyeipata alilipwa mara 600 ya dau lake. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 Clearing House iliacha kuchapisha takwimu hizo kwa namna iliyofaa mchezo, na namba zikaanza kutolewa katika matokeo ya fedha za mbio za farasi, jambo ambalo baadaye liliwapa watu wa Schultz nafasi ya kuzichezea.

Sasa keti na daftari. Watu 1,000 wakiweka senti moja moja, kila mmoja namba tofauti, benki inapokea dola 10, inalipa dola 6, inabakiwa na dola 4. Katika dola hizo nne atoke mpokezi wa dau, karani, chumba cha kuhesabia, wakili, dhamana ya aliyekamatwa na bahasha ya polisi. Kinachobaki bado ni kikubwa pale senti zinapokuwa za mtaa mzima. Lakini watu hawakuchagua namba kwa usawa. Walicheza umri wa marehemu, namba ya nyumba, namba ya wimbo uliotangazwa kanisani, na namba walizozisoma katika vijitabu vya kutafsiri ndoto vilivyouzwa kwa wingi. Watu 50 wakiiota ndoto moja na kuweka senti 10 kila mmoja juu ya namba moja, ikitoka, benki inadaiwa dola 3,000 kwa siku hiyo. Hizo ni siku 600 za mfanyakazi wa kiwanda cha Ford kwa kile kiwango cha dola 5 kwa siku kilichotangazwa 1914. Wenye benki walijilinda kwa kupunguza malipo ya namba zilizopendwa, na mwenye benki aliyefanya hivyo alisemwa vibaya vinyozini. Amos hapunguzi. Ndiyo sifa yake mtaani, na ndilo kosa litakalomfikia Novemba 1931.

Mazungumzo ya kupokea dau yanastahili kuandikwa kwa upole, kwa sababu mengi yalifanyika kati ya majirani. Amos kijana, akiwa bado mpokezi, amesimama mlangoni kwa mama mzee wa kanisani:

“Bi Hattie, shikamoo. Leo tunacheza ngapi?”

“Marahaba, mwanangu. Nimemwota marehemu amesimama mlangoni, hasemi neno. Kitabu kinasemaje?”

“Kitabu kinasema moja, ndoto ya Bi Hattie inasema jingine. Tuache ile ya juzi?”

“Tuiache. Senti tano. Wala usiandike, nakujua utakumbuka.”

Hakuandika kweli. Vikaratasi vya dau vilikuwa ushahidi mahakamani, na mpokezi mwenye kichwa kizuri alibeba mtaa mzima bila karatasi. Kwa zoezi hili, mpeleke mwigizaji jioni katika baraza mojawapo ya Mji wa Kale akakae karibu na muuza kahawa. Atamwona akizunguka na dele, akigonganisha vikombe, akimimina kwa huyu na kwa yule, na watu wakinyanyuka wakaenda zao bila kulipa kwa kuwa watalipa kesho. Na kesho yake anamwambia kila mmoja idadi ya vikombe vyake na kashata zake bila kukosea, huku akiendelea na habari nyingine. Kumbukumbu ya Amos ni hiyo, ila yeye akiandika anaweza kufungwa, na akikumbuka vibaya anaweza kuuawa.

Waliomzunguka

Soma maisha ya wawili waliokuwepo kweli, kisha ujitenge nao. Casper Holstein alizaliwa Saint Croix ilipokuwa koloni la Denmark, akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa namba Harlem, akatoa fedha za tuzo za uandishi za jarida la Opportunity katika miaka ya 1920, na mwaka 1928 akatekwa nyara kwa ajili ya fidia. Stephanie St. Clair, mzaliwa wa Guadeloupe, aliendesha benki yake mwenyewe, akafungwa, na alipotoka akatoa ushahidi mwaka 1930, katika uchunguzi wa rushwa uliosimamiwa na jaji Samuel Seabury, kwamba alikuwa amewalipa polisi. Baadaye alimpinga Schultz waziwazi mpaka Schultz alipopigwa risasi Newark, Oktoba 1935. Wote wawili walitoka visiwa vya Karibi, na kati ya wanavisiwa na watu wa kusini mwa Marekani kulikuwa na kutoaminiana kwingi. Amos wa Carolina akiwatazama hao anaona wageni waliomtangulia mezani, na hiyo ni chuki ndogo yenye faida kwa mchezo kuliko chuki kubwa dhidi ya “mfumo”.

Mke wake, Lucinda, nimemfanya mtengeneza nywele. Biashara ya nywele ilikuwa ikistawi, Madam C. J. Walker, aliyetajirika kwayo, alihamia Harlem mwaka 1916 na kuacha nyuma yake mawakala wengi wanawake waliojua kuuza, kuweka akiba na kuandika hesabu. Chumba cha Lucinda ni mahali ambapo wanawake hukaa muda mrefu na kueleza ndoto zao, na ndiye anayeshika daftari halisi. Mwandishi akikubali hili, atagundua kuwa usiku wa 1931 uamuzi si wa Amos peke yake, kwani Lucinda ndiye anayejua dola ngapi zimebaki.

Kanisa litajwe kwa adabu. Mchungaji alipokea sadaka iliyotoka katika namba, akalaani namba mimbarani, na pande zote mbili zilijua. Polisi wa kituo cha mtaa nao, usiwafanye majitu ya kutisha, kwani ni watu wa mshahara mdogo wanaokuja Ijumaa.

Lugha, na kumbukumbu za hadhira yetu

Amos asizungumze Sheng, wala asipewe Kimvita cha Mji wa Kale. Nimeona igizo ambamo jambazi wa Chicago aliongea kama utingo wa matatu ya Likoni, na ukumbi ulicheka mahali ambapo mtu alikuwa anakufa. Mpe Kiswahili sanifu chenye mapigo ya Biblia, kwa sababu mtoto wa kusini wa 1889 alijifunza lugha kanisani, na kwa sababu sentensi ndefu tulivu kinywani mwa mtu wa hatari husikilizwa. Zingatia pia anavyoitwa. Mtaani kwake ni Bwana Gaddy, wazee humwita mwanangu, lakini Mzungu wa rika lolote humwita Amos tu, na mwigizaji aonyeshe kwa kituo kifupi cha pumzi kwamba amelisikia.

Hadhira ya Mombasa nayo ina kumbukumbu zake. Utumwa katika pwani yetu ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1907, Frere Town ilianzishwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya waliookolewa majahazini, na wapo wanaoishi hadi leo katika nyumba walizojenga juu ya ardhi ya mwingine. Kumbukumbu hizo zitaingia ukumbini zenyewe. Usizichomeke katika mdomo wa Amos kwa kumfanya azungumzie Afrika, ambayo yeye hakuwahi kuiona na ambayo babu zake walitenganishwa nayo vizazi vingi kabla yake.

Kiasi cha kutoa na kiasi cha kuficha

Faili la usuli likishakamilika, hakiki tarehe kwanza. Katika Novemba 1931 pombe bado ni haramu, kwa hiyo hakuna baa ya wazi. Ukumbi wa Apollo haujafunguliwa kwa hadhira ya Weusi, kwani hilo lilikuja 1934. Schultz yu hai na bado anapanda. Mwigizaji asitaje chochote kilichotokea baadaye, hata kwa utani.

Kisha toa nakala mbili. Ya mwigizaji iwe na kila kitu, pamoja na majina ya waliokopa dola mbili stesheni. Ya mwandishi wa mazungumzo ikatwe mpaka ibaki na mambo ambayo mhusika mwingine jukwaani ana sababu ya kuyauliza. Lucinda hawezi kumuuliza mumewe kuhusu Wilmington, kwa kuwa anaijua; lakini mjumbe wa Schultz, akiketi mezani na kusukuma mbele bahasha ya mkopo, anaweza kuuliza kwa dharau baba yake alikuwa nani. Hapo Amos ajibu, “Fundi mapipa,” aigonge meza mara moja kwa kifundo cha kidole, asikilize, halafu amgeukie mkewe amuulize kilichobaki kwenye daftari.

Fundi wa maleba apewe ukurasa wake peke yake: suti nzuri iliyoshonwa na kusafishwa mara nyingi, kofia ya bei, na viatu vya mtu aliyebeba mizigo miaka mingi, vipana kuliko mtindo wa wakati ule.